Malindi–Nairobi na watoto watatu: kazi za safari mwagawana vipi na mwenzio?

Mama_wa_Barani (mleta uzi)

Salaam wanajamvi. Disemba tuna harusi ya shemeji yangu Nairobi, na inshallah tutatoka hapa Malindi kwa gari letu la viti saba. Abiria ni mimi, baba watoto, mavyaa na watoto watatu: mkubwa miaka tisa, wa kati mitano, mdogo mwaka na nusu.

Kwetu mambo yako hivi tangu zamani. Yeye hushika usukani kutoka mlangoni kwetu mpaka mlangoni kwa tunaowaendea. Mavyaa hukaa mbele kwa sababu ya magoti yake na kwa sababu ni mavyaa. Mimi niko kati na wadogo wawili, mkubwa nyuma kabisa na mabegi. Kila kisichokuwa usukani ni changu: kupakia, mahamri, chupa ya chai, dawa, nepi, nguo za harusi za watu sita, matapishi, "mama nataka kukojoa", kesi za nani kamgusa nani. Tukifika, yeye huingia chumbani kulala maana amechoka na barabara, nami naingia jikoni kwa wifi. Mgeni mwanamke ataketije wenzake wakipika?

Leseni ninayo. Watoto shuleni nawapeleka mimi, sokoni naenda mimi, Mombasa naenda na kurudi peke yangu. Lakini ikiwa ni safari ndefu na bwana yumo garini, usukani siugusi.

Nasaha za subira sitaki, mamangu ameshanipa za kutosha. Nataka kujua nyinyi mwafanyaje, kwa vitendo.

Usukani

Dada, wacha nimtetee bwana kidogo kabla hamjamla mzima. Malindi mpaka Nairobi kwa kupitia Mombasa ni kama kilomita 600. Kuna foleni ya Mtwapa, halafu ukishika barabara kuu unakutana na malori yote yaliyotoka bandarini. Kuovateki trela moja si kitu. Kuovateki manne yaliyofuatana, basi laja mbele limewasha taa zote, na mkeo hapo hapo akuuliza kama ulilipa stima, hiyo ni kazi nyingine. Ukifika Mlolongo, karibu na Nairobi, macho yamekauka na mgongo haunyooki. Kulala si kudeka.

Ushauri wangu mmoja: Mombasa msipite. Mkishavuka daraja la Kilifi, pale Mavueni mkate kulia, mwende Kaloleni mtokee Mariakani. Foleni yote ya Mtwapa na ya mjini mmeikwepa.

chai_ya_rangi

Na aliyepakata kopo la matapishi kutoka Taru mpaka Voi, yeye alikuwa harusini?

Usukani

😂 Sikusema hivyo jamani.

Kanga_Mbili

Mleta uzi, sisi tulikuwa kama nyinyi, tofauti ni kwamba mavyaa hakuwamo. Kilichotutoa ni kuacha kugawana vijikazi na kuanza kugawana vipande vizima.

Nieleze. Mwanamume akikuuliza "nikusaidie nini?" amekuwa muungwana, lakini kazi ya kufikiri ingali kichwani mwako. Wewe ndiye utakayemwambia chukua begi lile, si hilo, lile la bluu, dawa ya homa iko mfuko wa pembeni. Mwisho unaona bora ufanye mwenyewe. Basi kwetu kila kipande kina mwenyewe, naye hukifikiria, hukitenda na hukisafisha.

Gari ni lake. Gari maana yake ni upepo wa magurudumu, spea na jeki, maji ya rejeta, pembetatu za kuonya, kizima moto, mafuta, kujua bima inakwisha lini, kufunga kiti cha mtoto, na kulifagia tukirudi. Hiyo ya kulifagia tuligombana kwelikweli. Yeye aliona gari ni injini, makombo ya kashata chini ya siti ni mambo ya nyumbani.

Chakula ni changu, kwa sababu nakipenda na mahamri yake hayaliki. Lakini chakula kikiwa changu, nguo za watoto haziwezi kuwa zangu pia. Zikawa zake. Safari ya kwanza alizopakia yeye, mtoto alishuka Makindu amevaa nguo za kulalia, saa sita za mchana. Nilinyamaza. Hapa ndipo wanawake wengi tunaposhindwa, tunampa mtu kazi halafu twamsimamia kama nyapara. Akisahau, aende dukani yeye. Mara iliyofuata hakusahau.

Na habari ya kufika: ongea na mumeo kabla hamjatoka, na simu kwa wifi yako apige yeye. Aseme kwa mdomo wake, "Dada, mke wangu siku ya kwanza atapumzika, amekesha akipakia." Ukisema wewe, utaitwa mvivu mpaka harusi ya mjukuu. Akisema yeye, dada mtu hucheka na mambo yameisha.

Mwuguzi_Kaskazini

Nitaongea juu ya kutapika tu, maana nimeona limetajwa mara mbili.

Sikio la ndani linahisi gari linakwenda. Macho yakiwa kwenye simu au kitabu, yanaona mambo yametulia. Ubongo ukipata habari mbili zinazopingana, tumbo ndilo linaloadhibiwa. Wanaosumbuka zaidi ni watoto wa miaka miwili hadi kumi na miwili hivi. Walio chini ya miwili kwa kawaida hawaoni taabu. Kwa hiyo kwenu wa kuchungwa ni wa mitano, na pia huyo wa tisa mliyemweka nyuma kabisa na mabegi. Pale nyuma gari hurusha zaidi na haoni njia. Mleteni katikati aone mbele, mabegi yakae nyuma peke yao.

Simu wazime. Watazame mbali, mbele ya gari. Asubuhi wale kitu kikavu na chepesi. Viazi karai na bhajia mkazile mkishafika. Tangawizi huwasaidia wengine. Dawa zipo, hutolewa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka, lakini muulizeni mfamasia kipimo cha umri wa mtoto. Nyingi huleta usingizi, kwa hiyo yeyote atakayeshika usukani siku hiyo asizimeze. Hata za mafua na mzio asome kwanza.

Kisha kopo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, zile za kutapikia tulizozizoea hazipo, na mfuko wa khaki hulowa ukatobokea mapajani. Makopo ya aiskrimu yenye vifuniko, mawili au matatu, yakae karibu na mkono. Mwenye kazi hiyo ajulikane kabla gari halijawashwa: yeyote asiyekuwa usukanini zamu hiyo. Tukisubiri kuona nani ataruka kwanza, kila siku ataruka mama.

Na mabuyu yafungieni. Mtoto aliyekula mabuyu akitapika, kwa rangi ile mtadhani ni damu, mtapiga breki katikati ya Tsavo bure.

Mama_wa_Barani

Mabuyu hununuliwa na mavyaa. 🙈 Yeye ndiye mwenye kuyafungua tu tukipita Kilifi.

Tiketi_Tu

Kwani treni ya SGR si ipo? Mwatesekea nini?

chai_ya_rangi

@Tiketi_Tu Kituo kiko Miritini. Mtu wa Malindi ashaendesha zaidi ya kilomita mia kabla hajaiona treni. Kisha ashuke Syokimau na watoto watatu, bibi, na nguo za harusi, atafute gari lingine. Na jambo ambalo hukulifikiria: kwenye treni hata ile kazi moja ya baba imeondoka. Wote ni abiria. Mama bado ana kopo.

Pwani_Shwari

Mimi ni mwanamume, na kwetu safari ndefu anaendesha mke wangu. Anapenda, ana subira na malori kuliko mimi, wala hatafuti ushindani na probox. Mimi nakaa nyuma na watoto.

Mawili niliyoyaona huko nyuma. La kwanza, pachosha kwa namna nyingine kabisa. Aliye usukanini ana kazi moja na hakuna anayemkatiza. Huku nyuma umeitwa mara mia kabla ya Voi, kila mara kwa jambo tofauti, na huwezi kusema "subiri nipite lori". Nikiwa dereva nilishuka na macho mazito. Nikiwa nyuma nashuka na kichwa kinachovuma. La pili, ukimya wa dereva hutengenezwa na mtu. Watoto wakinyamaza kwa saa nzima, si bahati, kuna mtu amewatungia vitendawili, amewahesabisha mabehewa ya treni ya mizigo inapokwenda sambamba na barabara, amewaahidi tembo.

Maneno ya watu yapo. Kwenye kizuizi, askari amwona mke wangu usukanini, anainama aniulize mimi leseni. Vijana wa mtaani hucheka. Wacheke, wao husafiri na nani?

Mleta uzi, hukusema kuhusu kiti cha mdogo. Mwaka na nusu asipakatwe, hata na mavyaa. Gari likigonga kwa mwendo wa 50 tu, hakuna mkono wa binadamu utakaomzuia. Kiti chake kiangalie nyuma, kifungwe kwenye safu ya kati. Akilia, gari lisimame. Asifunguliwe huku mnakwenda. Hii sheria kwetu haina mjadala, na aliyeisema kwa bibi ni mimi, maana bibi ni mamangu.

Dereva_wa_Zamani

Nimesoma yote. Zamu ya usukani si hisani kwa mke, ni usalama. Kila saa mbili mtu ashuke, atembee, robo saa hivi. Wengi wa hapa hupenda kutoka saa nane za usiku ili watoto walale njia nzima. Watoto watalala, kweli. Na mwili wa dereva pia wataka kulala saa hizo hizo, kutoka saa nane mpaka alfajiri ndio usingizi mzito kuliko wote, na ndipo barabara imejaa malori ambayo madereva wake wako hali hiyo hiyo. Kuna wimbi lingine la usingizi mchana, saa nane mpaka saa kumi. Kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi, si dawa ya papo hapo. Ukiona umepita kituo na hukumbuki umekipita vipi, paki.

Swalini alfajiri, mtoke. Bwana apeleke mpaka Voi, mke ashike Voi mpaka Mtito Andei au mpaka Makindu akijisikia, bwana amalizie na foleni ya Nairobi. Anayepumzika apumzike kweli, asifunge breki za miguu pale alipokaa.

Someni na bima, muone kama inamtaja dereva mmoja au yeyote mwenye leseni.

Amu_Kwetu

Nyinyi wa Malindi gari lawafikisha mlangoni na bado mwalalama. Sisi wa Lamu gari twaliacha Mokowe. Ukishuka hapo ndipo safari yaanza: mabegi, magunia, watoto, kushuka gatini, boti, kupanda gati la pili, kisha mkokoteni au punda mpaka nyumbani, maana mjini Amu ni vichochoro, gari lapita wapi?

Kwa hiyo mgao wetu wafuata maji. Kutoka Malindi, Garsen, Witu, Hindi mpaka Mokowe, anayeendesha aendesha na mwengine ana watoto. Mokowe twabadilishana. Aliyekuwa dereva achukua watoto wote, awavishe majaketi ya kuokolea, awashike mikono. Aliyekuwa na watoto ashughulika na mizigo na bei ya boti. Mke wangu asema kupiga bei na watu wa boti ni mapumziko kwake, baada ya saa nne za "bado tu?".

Twasafiri mchana, vitambulisho mkononi kwa ajili ya ukaguzi, na wakati wa mvua twauliza kwanza hali ya Mto Tana. Mvua za El Niño za 2023 zilipoikata njia, watu walikwama na watoto barabarani. Kuuliza huko pia ni kazi, na ina mwenyewe.

Bint_Shella

Hakuna aliyetaja vyoo na swala.

Vyoo: mna mabinti? Baba hawezi kuingia nao choo cha wanawake, na vya wanaume vya njiani hatawapeleka akiwa na akili zake. Kwa hiyo mama huenda na wasichana, na kwa kuwa ameshaenda, hupewa na mvulana mdogo. Akitoka, wenzake wameshakunywa chai, gari linawaka. Chake cha kula atakula njiani, kwa mkono mmoja. Sisi tumeweka: hakuna kuwasha gari mpaka mama amekunywa kikombe chake ameketi. Baba anamwangalia mdogo, ananunua maji, anasubiri.

Swala: twasimama Mackinnon Road, kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, yule wa hadithi za karai lililoelea juu ya kichwa chake enzi za kujenga reli. Pana kivuli, maji, mahali pa watoto kukimbia. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya, Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, rakaa mbili mbili, si jambo refu. Lakini nimeona familia kibao, baba aswali kwa utulivu wote, na nyiradi juu, mama nje ashika mtoto, kisha "haya twende tumechelewa", naye aswali mbiombio. Kwetu mama huswali kwanza. Baba akiswali wa pili, utaona nyiradi zenyewe zimepungua.

Wenye kupita Makindu, hekalu la Masingasinga hulisha wapita njia bure, chakula ni cha mboga tu, na mahali ni pasafi. Funikeni vichwa, vueni viatu. Watoto hupapenda.

Mama_wa_Barani

Nimewasoma wote, nawashukuru. Kikwazo changu bado ni kimoja. Nikishika usukani mimi, bwana atakaa wapi? Siwezi kumwambia mavyaa arudi nyuma. Na yeye hajawahi kuniona nikiendesha barabara kuu, ataomba dua kwa sauti njia nzima.

Kanga_Mbili

Mavyaa abaki pale pale mbele! Anayehama ni mumeo. Wewe usukanini, mama mtu kando yako, yeye kati na watoto wake. Heshima haijaguswa. Na dua aombe, nani aliyewahi kudhurika na dua.

Mpe na cheo. Bibi ndiye mwenye hadithi. Vitendawili na ngano hakuna anayemshinda. Ukimwomba "mama, watoto wametulia ukisimulia wewe", mabuyu atayasahau.

Usukani

Hii ya bwana kukaa nyuma na watoto nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Huko nyuma walau utapiga usingizi.

Pwani_Shwari

@Usukani Usingizi? Karibu sana.

Mama_wa_Barani

Marejesho. Nimezungumza naye jana usiku watoto wamelala. Alianza na "kwani umechoka kuwa mama?" nikamwacha amalize. Kisha nikampa vipande, kimoja kimoja, kama alivyosema Kanga_Mbili. Gari amelichukua lote, pamoja na kufagia, kwa kununa. Kiti cha mdogo atakifunga yeye. Kopo ni la asiyeendesha. Wifi atampigia yeye mwenyewe.

Usukani amekubali Voi mpaka Mtito Andei, "tuone". Nguo za watoto amekataa, anasema za harusi atakosea na dadake atamcheka. Sawa, hizo zimebaki kwangu, na mimi nimemrudishia dawa na nepi.

Sasa amekuja na lake. Anataka tupite lango la Sala, tukatize Tsavo Mashariki mpaka Voi, watoto waone tembo. Nimekataa lakini sina hoja zaidi ya vumbi.

Dereva_wa_Zamani

Hoja unazo. Ndani ya hifadhi mwendo ni kilomita 40 kwa saa, kwa hiyo siku nzima imekwenda. Kiingilio cha kila mtu, kinalipwa kwa eCitizen, si pesa taslimu, na vitambulisho lazima mpate bei ya raia. Chupa za plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi mbugani tangu Juni 2020, sasa maji ya watu sita mtayabeba kwenye nini? Na kubwa kwenu: hushuki garini ovyo. Mwenye miaka mitano akisema anataka kukojoa, mtamwambia nini, amwombe simba?

Ifanyeni safari yake mbali, wikendi moja, bila harusi mbele yake.

Mama_wa_Barani

Nimemsomea. Amekubali kwa sababu ya chupa za maji, si kwa sababu yangu, lakini nimepokea. 😄

La mwisho: watu sita, siti ya nyuma ikikunjuliwa buti haibaki kitu. Mkubwa akija kati, na baba naye kati, na kiti cha mdogo, hapatoshi. Mmoja lazima arudi nyuma.

Mwuguzi_Kaskazini

Zamu ya baba kukaa na watoto, arudi nyuma baba. Hatapiki yeye. Safu ya kati iwe ya watoto watatu, wa mitano akae katikati aone mbele kupitia kioo. Zamu yako, utakaa nyuma wewe. Mkunje nusu tu ya siti ya nyuma mweke mabegi, nusu nyingine akae mtu.

Usukani

Na yaliyobaki yaende juu kwenye keria, mepesi tu: nguo, mito, nepi. Vyungu na zawadi nzito viwe chini, gari likiwa na uzito juu huyumba kwenye kona na upepo wa malori. Funikeni kwa turubai, na kamba mkaze tena mkifika Mariakani, maana hulegea. Upepo wa magurudumu ongezeni kulingana na kibandiko cha mlangoni, kuna kipimo cha gari tupu na cha gari lililojaa. Mpime asubuhi magurudumu yakiwa baridi.

chai_ya_rangi

Kamba ni kipande cha nani?

Kanga_Mbili

Kamba ni gari.